Nipe nikupe ya mtandaoni: tovuti zinavyobadilishana viungo, na gharama yake kwa tovuti ndogo

Mtu anayesimamia tovuti, hata iwe ndogo kiasi gani, mapema au baadaye hupokea barua pepe yenye maneno ya upole. Mwandishi wake anasema ameisoma tovuti hiyo na kuvutiwa nayo, kisha anaomba jambo moja tu: iwekewe humo njia ya kuelekea tovuti yake, naye kwa upande wake ataweka ya kuelekea huku. Hakuna fedha inayotajwa. Ahadi ni kwamba pande zote mbili zitapata wasomaji wengi zaidi na kupanda katika matokeo ya Google.

Ombi hilo lina historia ya zaidi ya robo karne. Kulikuwa na wakati lilikuwa jambo la ujirani mwema. Ukaja wakati likawa biashara. Na leo, likivuka kiasi, ni kosa linaloweza kuizamisha tovuti mahali ambapo hakuna mtafutaji anayefika. Kwa redio ya jamii, shule, chama cha ushirika au gazeti la Kiswahili ambalo wasomaji wake wametawanyika katika nchi kadhaa, kutoonekana katika utafutaji ni sawa na mtambo wa redio kuzimika wakati mtangazaji angali anasoma habari.

Kiungo ni nini

Katika lugha ya mtandao, kiungo ni neno, sentensi au picha ambayo msomaji akiibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Hakihusiani na viungo vya pilau wala vya mwili, ingawa jina lake limetokana na kazi ileile ya kuunga.

Mfumo wa wavuti unaotumika leo ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva nchini Uswisi. Aliwasilisha pendekezo lake Machi 1989, na tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa umma mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya umma, itakayotumiwa na yeyote bila malipo.

Wazo la kuunganisha maandishi kwa njia ya kompyuta lilikuwapo kabla yake. Mmarekani Ted Nelson, aliyelipa jina wazo hilo katika miaka ya 1960, alitaka kila kiungo kiwe cha pande mbili, ili ukurasa unaoelekezwa nao ujue nani ameuelekezea. Berners-Lee alichagua njia nyepesi zaidi. Kiungo chake ni cha upande mmoja: mtu yeyote anaweza kuuelekeza ukurasa wake kwa wa mwingine bila kuomba ruhusa, na aliyeelekezewa halazimiki kurudisha chochote.

Uamuzi huo wa kiufundi ndio uliouwezesha wavuti kukua kwa kasi, na ndio pia uliozaa suala la kubadilishana. Kwa kuwa kiungo hakirudi chenyewe, anayetaka kirudi hana budi kwenda kuomba.

Orodha, pete na mabango

Katika miaka ya mwanzo, kazi kubwa ya kiungo ilikuwa kumwonyesha msomaji njia. Injini za utafutaji zilikuwa changa, na watu waligundua tovuti mpya kwa kupitia orodha zilizoandaliwa kwa mkono. Yahoo yenyewe ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti, iliyotungwa na Jerry Yang na David Filo walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California. Aliyeandikwa katika orodha nzuri alipata wageni. Aliyeachwa nje alikaa peke yake.

Wenye tovuti ndogo walitafuta namna ya kusaidiana. Mwaka 1995, kijana wa jimbo la Oregon aitwaye Sage Weil alianzisha huduma iliyojulikana kama WebRing, yaani pete ya tovuti. Tovuti zenye maudhui yanayofanana, kwa mfano za wapenzi wa treni au za watunzi wa hadithi, ziliunganishwa kama shanga katika uzi: kila moja ilikuwa na kiungo cha kwenda kwa inayofuata na cha kurudi kwa iliyotangulia, hadi msomaji akamaliza mzunguko na kujikuta alipoanzia. Haikuwa na ujanja wowote. Pete ilimsaidia msomaji, na kwa hiyo ikawasaidia wenye tovuti.

Mwaka uliofuata, 1996, vijana wawili waliokuwa wameacha kazi katika kampuni ya Oracle, Tony Hsieh na Sanjay Madan, walianzisha LinkExchange. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza. Mwanachama aliweka katika tovuti yake nafasi ya bango dogo la tangazo. Kila mabango ya wenzake yalipoonyeshwa kwake mara mbili, bango lake yeye lilionyeshwa mara moja kwenye tovuti ya mwanachama mwingine. Nusu iliyobaki ilikuwa mali ya kampuni, nayo iliiuza kwa watangazaji wenye fedha.

Kwa maneno mengine, mwenye tovuti ndogo alilipa kwa kitu alichokuwa nacho, yaani nafasi katika ukurasa wake, akapata kitu asichokuwa na uwezo wa kukinunua, yaani tangazo. Mwezi Novemba 1998 Microsoft iliinunua LinkExchange kwa dola milioni 265 za Marekani. Ubadilishanaji uliokuwa ukifanywa na watu wa kawaida kwa ujirani ulikuwa umeonyesha kwamba una thamani kubwa ya fedha.

Hata hivyo, hadi hapo kilichobadilishwa kilikuwa wageni. Bango lilikuwa na maana pale tu mtu mwenye macho alipoliona na kulibonyeza.

Stanford: kiungo kinapogeuka kura

Mabadiliko makubwa yalitoka katika chuo kikuu kilekile cha Stanford. Kuanzia mwaka 1996, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamivu, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wakitafiti namna ya kupanga kurasa za wavuti kwa ubora. Injini nyingi za wakati huo zilihesabu maneno: ukurasa uliolitaja neno lililotafutwa mara nyingi ulipanda juu. Njia hiyo ilidanganyika kirahisi, kwa kuwa mtu aliweza kulirudia neno moja mara mia.

Page na Brin waliazima mfano wa wanazuoni. Katika vitabu na majarida ya kitaaluma, kazi inayotajwa na wengi huchukuliwa kuwa na uzito, na ikitajwa na mwanazuoni mwenye heshima huzidi kuwa nzito. Wakakichukulia kila kiungo kuwa ni kura, na kura ya ukurasa mzito ikahesabiwa kuwa nzito kuliko ya ukurasa mwepesi. Mfumo huo waliuita PageRank. Kampuni ya Google ilisajiliwa Septemba 1998, na ubora wa matokeo yake uliwavuta watu wakaziacha injini nyingine.

Hesabu ya awali ya PageRank, iliyochapishwa mwaka huohuo wa 1998, inaweza kuelezwa kwa mifano midogo. Kila ukurasa huanza na uzito wa 0.15 hata kama haujulikani na yeyote. Kisha hupokea uzito kutoka kwa kila ukurasa unaouelekezea, kwa kuwa kila ukurasa hutoa asilimia 85 ya uzito wake na kuigawa sawasawa kwa viungo vyake vyote. Ukurasa wenye uzito wa 10 na viungo 5 huipa kila tovuti unayoielekezea uzito wa 1.7. Ukurasa huohuo ukiwa na viungo 85, kila kimoja hutoa uzito wa 0.1 tu.

Mfano wa pili ni muhimu zaidi. Tuseme kuna kurasa mbili ambazo hakuna mtu mwingine aliyeziwekea kiungo. Kila moja ikikaa peke yake, ina uzito wa 0.15. Zikielekezana zenyewe kwa zenyewe, hesabu huzipandisha zote mbili hadi 1, yaani karibu mara saba, ingawa hakuna shahidi wa tatu aliyezisifu. Huo ndio ufa ambamo biashara nzima ya kubadilishana viungo ilipenya. Mfumo uliotegemea ushuhuda wa watu wasiojuana uliwaamini pia mashahidi waliokwishapatana.

Soko la kura

Desemba 2000, Google ilitoa kipande cha programu kilichowekwa juu ya kivinjari, nacho kilimwonyesha kila mtu uzito wa ukurasa aliousoma kwa kipimo cha 0 hadi 10. Hadi siku hiyo, uzito wa ukurasa ulikuwa siri ya mtambo. Sasa ulikuwa na namba, na chenye namba huwekewa bei.

Barua za maombi zilianza kumiminika. Tovuti nyingi zilifungua kurasa zilizoitwa za washirika au za marafiki, ambazo ndani yake mlikuwa na safu ndefu za viungo: duka la viatu likifuatiwa na wakili, wakili akifuatiwa na hoteli. Hakuna msomaji aliyezihitaji kurasa hizo; ziliandikwa ili zisomwe na mashine. Injini zilipoanza kuwatambua wanaoelekezana ana kwa ana, wafanyabiashara wakabuni ubadilishanaji wa pembetatu, ambapo wa kwanza humwelekezea wa pili, wa pili humwelekezea wa tatu, na wa tatu humrudishia wa kwanza. Wengine walijenga mamia ya tovuti tupu zinazoelekezana, na wengine wakatumia programu za kupandika viungo chini ya makala za watu bila idhini yao.

Mwaka 2002, kampuni ya SearchKing ya jimbo la Oklahoma, iliyokuwa ikiwauzia watu viungo kwa kufuata namba za PageRank, ilijikuta namba yake imeshushwa. Iliishtaki Google. Mei 2003, mahakama ya shirikisho iliitupa kesi hiyo kwa hoja kwamba namba ile ni maoni ya Google kuhusu ukurasa, na kwamba maoni hulindwa na katiba ya Marekani. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kudumu: tovuti iliyoshushwa haikuwa na mahali pepesi pa kukata rufaa nje ya Google yenyewe.

Adhabu na walioadhibiwa

Januari 2005, Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuhusu alama ndogo ya kuwekwa katika msimbo wa ukurasa, inayoiambia injini isikihesabu kiungo fulani kuwa ni kura. Msomaji haioni alama hiyo na kiungo hufanya kazi kama kawaida, lakini hakipitishi uzito. Wikipedia ni miongoni mwa tovuti zinazoitumia, na ndiyo sababu kupachika kiungo katika makala zake kwa nia ya kupanda katika utafutaji ni kazi isiyo na faida.

Hatua kali zaidi zilifuata. Februari 2011, gazeti la The New York Times lilieleza jinsi duka kubwa la JCPenney lilivyokuwa likiongoza katika utafutaji wa bidhaa nyingi wakati wa msimu wa sikukuu kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana nalo. Kwa maneno ya kutafuta aina moja ya masanduku ya safari, duka hilo lilishuka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo wala haikuvijua, ikaachana na washauri wake wa masuala ya utafutaji.

Tarehe 24 Aprili 2012, Google ilianza kutumia utaratibu mpya uliopewa jina la Penguin, uliolenga tovuti zenye viungo vya kutengenezwa. Kwa mujibu wa Google, uligusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini wapo wenye biashara ndogo walioamka na kukuta wateja wao wa mtandaoni wamepotea, wengine kwa sababu ya kazi iliyofanywa na mawakala waliowalipa miaka ya nyuma bila kujua mbinu zao.

Mwaka huohuo Google iliiadhibu hata bidhaa yake. Januari 2012, ukurasa wa kivinjari chake cha Chrome ulishushwa kwa angalau siku 60, baada ya kubainika kwamba kampeni ya matangazo ilikuwa imewalipa wanablogu na kiungo kisichokuwa na alama kikapenya. Februari 2013 ilikuwa zamu ya tawi la Uingereza la Interflora, wauza maua, lililopotea kwa siku 11 kwa sababu ya makala za kulipiwa katika magazeti ya mikoani. Desemba 2013, tovuti ya mashairi ya nyimbo ya Rap Genius iliondolewa katika matokeo ya juu kwa siku takriban 10, baada ya kuwaahidi wanablogu kuwatangaza katika mitandao ya kijamii endapo wangeweka viungo vyake.

Kisa cha Rap Genius kinafundisha jambo moja kuhusu suala hili. Hakuna aliyelipwa fedha. Kilichotolewa kilikuwa neema kwa neema, nacho kilihesabiwa kuwa malipo. Aidha, kampuni zilizotajwa zilikuwa na wanasheria, wahandisi na njia ya kuzungumza na Google, zikarejea baada ya siku au miezi. Tovuti ya kijijini haina njia hizo.

Kanuni zilivyo sasa

Kanuni za Google hazikatazi tovuti mbili kuelekezana. Zinachokataza ni ubadilishanaji uliopita kiasi, yaani makubaliano ya nipe nikupe, na kurasa za washirika zilizowekwa kwa ajili ya kuelekezana tu. Kuuza au kununua kiungo kwa nia ya kupandisha nafasi ni kosa pia, liwe kwa fedha, bidhaa au huduma. Tangazo la kulipiwa linaruhusiwa, mradi kiungo chake kiwekewe alama. Tangu Septemba 2019, kuna alama maalumu ya kiungo kilicholipiwa na nyingine ya kiungo kilichoandikwa na wasomaji.

Adhabu ni za aina mbili. Ya kwanza hutolewa na mtumishi wa Google aliyeikagua tovuti, na mwenye tovuti hupata taarifa kupitia Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Huyo anaweza kuondoa viungo vibaya na kuomba kuchunguzwa upya. Ya pili hufanywa na mtambo wenyewe, kimyakimya. Tangu Septemba 2016, Penguin ni sehemu ya mtambo mkuu, na mara nyingi haiishushi tovuti nzima bali hukataa kuvihesabu viungo inavyovishuku. Mwishoni mwa mwaka 2022, Google ilitangaza kwamba mfumo wake wa akili bandia uitwao SpamBrain unatumika kuwatambua wanaonunua viungo na tovuti zinazoviuza.

Namba ya PageRank iliyokuwa ikionekana hadharani iliondolewa mwaka 2016. Anayeahidi leo kuipandisha tovuti kwa namba fulani anatumia kipimo cha kampuni nyingine, si cha Google.

Hali ya tovuti za Kiswahili

Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika mashindano haya. Waya wa baharini wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam, ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea mno mawasiliano ya setilaiti, ambayo ni ya polepole na ya gharama kubwa. Tovuti za Kiingereza za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekusanya viungo kwa zaidi ya muongo mmoja kabla ya nyingi za Kiswahili kuzaliwa.

Tofauti hiyo inaonekana hadi leo. Tovuti za Kiswahili ni chache, na wanaoziandikia mara nyingi hutaja vyanzo vya Kiingereza bila kutajana wao kwa wao. Gazeti la mji mmoja hunukuu habari iliyotangazwa na redio ya mji jirani bila kuweka kiungo. Chama cha Waswahili wanaoishi ughaibuni huanzisha ukurasa wa masomo ya lugha bila kuelekeza kwenye kamusi au maktaba iliyopo tayari. Viungo ambavyo vingekuwa halali kabisa haviwekwi, kisha barua ya mgeni anayetaka kubadilishana hupokelewa kwa mikono miwili.

Kwa tovuti ya aina hiyo, hatari ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tovuti yenye viungo vingi vya kweli haitikisiki kwa vibaya vichache. Yenye viungo 10 tu, ambavyo 8 ni vya kubadilishana na maduka ya mbali yasiyohusiana nayo, haina cha kujitetea nacho. Zaidi ya hayo, anayeomba mara nyingi hatafuti wasomaji wa Kiswahili. Anachotaka ni jina jema: anwani ya shule, msikiti, parokia au shirika la hiari haijatiwa doa, na kiungo kutoka humo hutafutwa na wauza kamari na dawa zisizo na leseni.

Wasiopewa kwa hiari huchukua kwa njia nyingine. Tovuti ambazo programu yake haijasasishwa huingiliwa na kupachikwa viungo vilivyofichwa, ambavyo mwenye tovuti havioni lakini mashine huviona. Na pale anwani ya tovuti isipolipiwa kwa wakati, hununuliwa na mtu mwingine kwa ajili ya viungo ilivyovikusanya kwa miaka, kisha jina la taasisi likawekewa maudhui ya kigeni. Machi 2024, Google iliitaja mbinu hiyo ya anwani zilizoachwa kuwa ni kosa katika kanuni zake.

Mamlaka ya mwamuzi mmoja

Wakosoaji husema kwamba kiini cha tatizo si wanaobadilishana viungo peke yao. Kampuni moja ndiyo inayotunga kanuni, inayochunguza, inayohukumu na inayouza matangazo juu ya matokeo hayohayo. Mwaka 2017, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake ya kulinganisha bei za bidhaa katika matokeo ya utafutaji. Agosti 2024, jaji wa shirikisho wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kwamba ilikuwa na karibu asilimia 90 ya utafutaji nchini humo.

Wakati huohuo, utafutaji wenyewe unabadilika. Mei 2024, Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa na akili bandia, ambayo humpa msomaji muhtasari kabla hajafungua tovuti yoyote. Kuwa katika nafasi ya juu hakuhakikishi tena kwamba wageni watakuja.

Namna ya kulipima ombi

Mwenye tovuti anayepokea ombi la kubadilishana viungo anaweza kulipima kwa maswali machache. Je, ukurasa unaoombewa unamfaa msomaji wa makala ile? Je, kiungo kingewekwa hata kama hakuna kingine kitakachorudishwa, na hata kama injini za utafutaji zisingekuwapo? Je, mwombaji anajulikana, au ameandika kwa jina lisilo na taasisi? Je, anachagua mwenyewe maneno yatakayobeba kiungo, na anasisitiza kisiwekewe alama? Masharti hayo mawili ya mwisho kwa kawaida hutolewa na mnunuzi wa nafasi, si na msomaji aliyevutiwa.

Redio mbili zinazoshirikiana kuandaa kipindi, shule na wizara inayoisimamia, mwandishi na chanzo alichokinukuu: hao wanaweza kuelekezana bila hofu, kwa kuwa uhusiano wao upo nje ya mtandao na kiungo kinauonyesha tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni kizuri nacho huhitaji kutajwa, lakini na mtu aliyekisoma.

Kwa taasisi ndogo, kazi ya kinga haihitaji fedha nyingi. Search Console huonyesha orodha ya tovuti zinazoielekezea na hutoa taarifa ya adhabu ikiwapo, na tangu Oktoba 2012 Google hutoa chombo cha kuvikana viungo ambavyo mwenye tovuti ameshindwa kuviondoa. Programu ya tovuti isasishwe kila toleo jipya linapotoka. Kurasa za zamani za washirika zifunguliwe kiungo baada ya kiungo, kwa kuwa tovuti iliyokuwa ya maktaba miaka 10 iliyopita huenda leo ikawa ya kamari. Na tarehe ya kulipia anwani ijulikane na zaidi ya mtu mmoja, ili mtunzaji wake akihama au akifariki, jina lililojengwa kwa miaka mingi lisinunuliwe na mgeni.